Ghala limejaa, duka linafungwa: namna duka la shamba linavyomaliza msimu kabla ya baridi

Kila Novemba, watu wetu waliohamia kaskazini mashariki mwa Marekani, wawe Lowell, Worcester au Portland, huuliza swali lilelile. Duka la shamba lililo njiani, lile linalouza maboga, matufaha na sukuma wiki, lina kreti zimejaa hadi juu, halafu mlangoni pamebandikwa karatasi: tunafunga Jumatano, tutaonana Mei. "Sasa kaka, wanafunga na mali yote hii?" aliniuliza dada mmoja wa Nakuru tukiwa kwenye foleni ya kulipa. Wengi hujibu kwa haraka kwamba baridi imefika na hakuna kinachoota. Kwa shamba hilo ni kweli. Kwa duka si kweli hata kidogo, kwa sababu hakuna wakati katika mwaka mzima ambapo familia yenye shamba huwa na chakula kingi ghalani kama wiki hizo za mwisho. Kinachofunga mlango ni gharama ya kukilinda chakula hicho kisigande, na wateja wanaopungua upesi kuliko chakula chenyewe.

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Duka la shamba ni banda au jengo dogo lililojengwa kwenye ardhi ya shamba, kando ya barabara, ambamo familia huuza ilichokilima bila kupitia kwa dalali. Sensa ya kilimo ya Marekani ya 2022 ilihesabu mashamba yapatayo milioni 1.9, na asilimia 95 kati yake ni ya familia. Mashamba zaidi ya 116,000 yalikuwa yakimuuzia mlaji moja kwa moja, na mauzo hayo yalifika dola bilioni 3.3. Katika majimbo ya New England, yaani Maine, New Hampshire, Vermont, Massachusetts, Rhode Island na Connecticut, mashamba mengi ni madogo na miji haiko mbali, kwa hiyo maduka ya namna hii yamejaa barabarani. Mengi hufunguliwa Mei au Juni. Kufungwa hufungwa katika mojawapo ya nyakati tatu: baada ya Halloween, sikukuu ya kuchonga maboga, tarehe 31 Oktoba, siku moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani, ambayo ni Alhamisi ya nne ya Novemba, au mkesha wa Krismasi, kwa wale wanaouza miti ya Krismasi.

Ziangalie tena tarehe hizo. Zote ni sikukuu. Hakuna hata moja iliyopangwa na hali ya hewa, ingawa kila mtu anasema duka limefungwa kwa ajili ya baridi.

Usiku wa jalidi

Mtu wa Makete au Kinangop hahitaji kuelezwa jalidi ni nini, ule umande ulioganda unaoonekana alfajiri juu ya majani ya viazi au chai. Huja usiku mtulivu, anga ikiwa safi na upepo umelala. Ardhi hupoteza joto lake kuelekea angani, na hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutulia mabondeni. Ndiyo maana bustani za matufaha mara nyingi hupandwa kwenye miteremko: hewa baridi ipite, isisimame hapo.

New England jalidi ya kwanza hufika kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Oktoba, mapema zaidi kaskazini mwa Vermont na Maine, baadaye kidogo pwani. Wakulima hutofautisha ile nyepesi, inayogusa nyuzi 0 za Selsiasi au kushuka kidogo tu, na ile nzito inayopita nyuzi 2 chini ya sifuri na kukaa kwa saa kadhaa. Nyepesi inatosha kuua mrehani, nyanya, matango, maharage machanga na mchicha. Hayo ni mazao yenye asili ya joto, na seli zake hupasuka maji yaliyomo yakiganda.

Utabiri ukishatangaza usiku wa namna hiyo, jioni yake haina mgeni wala mwenyeji. Wote wanaingia shambani na taa za kichwani. Pilipili hoho zinachumwa zote, kubwa kwa ndogo, nyekundu kwa kijani. Mrehani unakatwa shina zima. Nyanya ambazo hazijaiva zinatolewa mtini zikiwa ngumu kama zilivyo, na juu ya matuta ya saladi kunatandazwa kitambaa cheupe chepesi, kikashikiliwa pembeni kwa mifuko ya mchanga. Asubuhi majani ya maharage yanaonekana kama yamemwagiwa maji ya moto, na kufika adhuhuri yameshakuwa meusi. Siku hiyo dukani kuna kreti za nyanya za kijani kwa bei ya chini kabisa, na wanaojua kutengeneza achari huwahi mapema.

Lakini kuna mazao yanayofaidika na usiku huohuo. Sukuma wiki, kabichi na karoti, zikihisi ubaridi, hugeuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, kwa sababu maji yenye sukari huganda kwa shida zaidi kuliko maji matupu. Ni kinga ya mmea, na mlaji anafaidi utamu. Aliyenunua sukuma wiki Julai kisha akarudi Novemba atadhani ni mbegu nyingine. Namshauri kila mtu wa kwetu anayelalamika kwamba sukuma ya Marekani haina ladha asubiri jalidi mbili tatu, kisha aende shambani, asiende supamaketi.

Kwa hiyo jalidi humaliza meza moja ya duka na kuinogesha nyingine. Duka linaendelea kwa wiki nyingi baada yake, na wiki kadhaa kati ya hizo ndizo zenye mauzo makubwa kuliko zote.

Chumba kimoja hakitoshi

Utata wenyewe uko hapa, kwenye kuhifadhi, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Kila zao lina hali linayoitaka, na hali hizo hazipatani. Viazi mviringo vinataka giza, unyevu, na nyuzi 4 hadi 7. Ukivishusha zaidi ya hapo, wanga wake hugeuka sukari, na ukivikaanga vinakuwa vyeusi nje kabla havijaiva ndani. Vitunguu maji vinataka ubaridi wa karibu na sifuri lakini hewa kavu, maana kwenye unyevu huota mizizi na kuoza. Karoti, bitiruti na kabichi zinataka ubaridi huohuo wa sifuri, ila na unyevu wa asilimia 95 au zaidi, la sivyo zinanyauka ndani ya wiki chache. Maboga ya kula, kwa mfano yale yenye shingo yaitwayo butternut, huumia yakikaa chini ya nyuzi 10: ganda huingia madoa na nyama huanza kuoza. Yanataka pakavu, nyuzi 10 hadi 13. Viazi vitamu vinataka joto zaidi kidogo, nyuzi 13 hadi 15, na kabla ya kuwekwa huko lazima vikae siku kadhaa kwenye joto la karibu nyuzi 29 lenye unyevu mwingi, ili majeraha ya jembe yapone na ganda likomae.

Matufaha nayo yana mambo yake. Mengi hupenda nyuzi 0 hadi 1 na unyevu wa kutosha. Aina ya Honeycrisp, iliyotolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1991 na ambayo wateja huifuata kwa jina, huumia kwa ubaridi huo. Inazoeshwa kwanza kwa muda wa wiki moja kwenye nyuzi 10, kisha inahifadhiwa kwenye nyuzi 3 hivi. Juu ya hayo, tufaha hutoa gesi ya ethilini, ambayo huharakisha kuiva na kuzeeka kwa vilivyo jirani. Karoti zikikaa chumba kimoja na matufaha huwa chungu. Kabichi huanza kuwa njano na kuangusha majani ya nje.

Ukijumlisha, familia inayouza vitu vyote hivyo ingehitaji vyumba vinne au vitano, kila kimoja na kipimajoto chake. Familia nyingi zina chumba kimoja cha ubaridi na labda ghala moja la zamani lililochimbwa kwenye mteremko. Makampuni makubwa ya matufaha yana vyumba vinavyofungwa hewa isipite, ambamo oksijeni hushushwa kutoka asilimia 21 ya kawaida hadi asilimia 1 au 3, na humo tufaha hulala miezi mingi bila kuharibika. Ndiyo maana tufaha la Marekani unalolinunua Mei supamaketini huenda lilichumwa Oktoba. Chumba cha namna hiyo hakijengwi kwa ajili ya kreti mia moja za shamba la familia.

Halafu baridi kali ikifika, kazi ya chumba cha ubaridi inageuka. Agosti mashine inahangaika kushusha joto. Januari nje ni nyuzi 10 au 15 chini ya sifuri, na chumba kilekile sasa kinahitaji hita ili kisiende chini ya sifuri. Kiazi huganda kwenye kama nyuzi moja chini ya sifuri, tufaha kwenye kama mbili. Kiazi kilichoganda kikiyeyuka huwa laini, chenye majimaji, na kinaoza baada ya siku chache. Hakuna namna ya kukiuza.

Jengo la duka ndilo gumu zaidi. Mengi ni mabanda ya mbao yenye mlango mpana unaobaki wazi mchana kutwa, bila sufi ya kuzuia baridi ndani ya kuta, na bomba la maji limepita ukutani kuelekea kwenye sinki la kuoshea mboga. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9, na bomba la shaba au la plastiki hupasuka. Ili sinki hilo moja liendelee kufanya kazi Januari, inabidi banda zima litiwe joto usiku na mchana kwa gesi au mafuta. Kwa shamba dogo, bili hiyo inakula faida yote ya mboga zinazobaki.

Oktoba hulipia miezi mingine

Duka la shamba huishi kwa Oktoba. Majani yanabadilika rangi, familia za mjini zinapanda magari kwenda kuyaona, na njiani wanataka tufaha la kuchuma wenyewe, boga la kuchonga, donati za moto, na galoni ya juisi ya matufaha iliyokamuliwa hapohapo. Jumatatu ya pili ya Oktoba ni siku ya mapumziko, na wikendi hiyo ndefu huenda ndiyo kubwa kuliko zote. Mvua ikinyesha siku hizo tatu mfululizo, hesabu ya mwaka mzima inayumba. Nimewahi kumsikia mkulima akitaja wikendi kama hiyo kwa mwaka wake, namna wavuvi wa pwani wanavyoitaja dhoruba.

Juisi ina historia yake. Hutengenezwa kwa matufaha yenye makovu au umbo baya, ambayo hayauziki mezani, kwa hiyo ni njia ya kuokoa thamani ya tufaha la daraja la pili. Mwaka 1996 juisi ya matufaha ambayo haikupashwa moto ilisababisha mlipuko wa bakteria wa E. coli O157:H7 magharibi mwa Marekani, na mtoto mmoja alifariki. Kuanzia 1998 serikali iliagiza juisi isiyotibiwa iwe na onyo kwenye chupa. Mashamba mengi sasa huipitisha kwenye mwanga wa urujuanimno au huipasha moto. Wengine wanaomuuzia mlaji moja kwa moja wanaruhusiwa kuendelea bila hivyo alimradi onyo liwepo. Ukinunua kwa ajili ya mtoto mdogo, mama mjamzito au mzee, soma chupa kabla ya kulipa.

Boga la kuchonga ndilo linaloonyesha vizuri zaidi jinsi kalenda inavyotawala. Tarehe 30 Oktoba lina bei yake kamili. Tarehe 1 Novemba ni lilelile, uzito uleule, halijaoza, na hakuna anayelitaka. Mkulima alipanda mbegu Juni bila kujua watu wangapi watakuja, na akipanda chache anapoteza wateja, akipanda nyingi anabaki na rundo. Yaliyobaki huliwa na ng'ombe, nguruwe na mbuzi, ambao huyapenda sana.

Kisha huja saa. Tangu 2007 Marekani hurudisha saa nyuma kwa saa moja Jumapili ya kwanza ya Novemba. Boston, jua lililokuwa likizama karibu saa kumi na moja na nusu jioni linaanza kuzama kama saa kumi na nusu, na Desemba inapoanza linazama saa kumi na dakika kumi hivi. Mtu anayetoka kazini saa kumi na moja anakuta giza tororo. Barabara ya shamba haina taa, kuna paa wanaovuka, na supamaketi yenye taa iko njiani. Kwa maoni yangu hii ndiyo sababu inayodharauliwa kuliko zote. Watu hutaja theluji, lakini wateja wa siku za kazi huanza kupotea wiki hiyo ya saa, mara nyingi kabla theluji haijaanguka hata kidogo.

Tuchukue mfano wa hesabu, namba za kubuni lakini mpangilio wake ndio wenyewe. Sema kufungua duka siku moja kunagharimu dola 600: mishahara, umeme, joto, mashine ya kadi. Sema katika kila dola ya mauzo, senti 40 hubaki baada ya kutoa gharama za bidhaa. Basi duka linahitaji mauzo ya dola 1,500 ili lisipate hasara siku hiyo. Jumamosi ya Oktoba kiasi hicho hupatikana kabla ya saa sita mchana. Jumanne ya Desemba, kwa wateja kumi na wawili wanaonunua kabichi na kilo mbili za viazi, hakifikiwi. Kila siku ya ziada ya kufungua inakula sehemu ya kile Oktoba ilichoweka. Mkulima anayefunga na ghala limejaa amepiga hesabu hiyo, na mara nyingi amepiga sawasawa.

Kwa nini basi wasifunge tarehe 1 Novemba? Wengine hufunga. Wanaobaki hadi Sikukuu ya Shukrani hubaki kwa ajili ya siku mbili au tatu tu: zile ambazo watu huja kuchukua bata mzinga walioagiza, pai za maboga na matufaha, viazi, vitunguu, na maboga ya kula. Maagizo hayo yameandikwa kwenye daftari wiki kadhaa kabla, mengine yamelipiwa nusu. Ni mauzo yasiyo na bahati nasibu, na ndiyo yanayofanya tarehe ya kufunga iwe Jumatano hiyo badala ya siku nyingine yoyote.

Mikono inaondoka

Wanafunzi waliokuwa wakiuza wakati wa kiangazi walirudi shuleni Septemba, wakabaki wa wikendi tu. Wavunaji wa matufaha katika mashamba mengi ya New England ni Wajamaika, na uhusiano huo ulianza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1943. Leo huja kwa viza ya kazi za msimu iitwayo H-2A, iliyowekwa na sheria ya 1986. Mwajiri hulipia nauli na kutoa nyumba bure, na anapaswa kumhakikishia mfanyakazi angalau robo tatu ya saa zilizoandikwa kwenye mkataba. Mkataba una tarehe ya mwisho, na nyumba nyingi za msimu hazikujengwa kwa ajili ya Januari. Matufaha yakiisha mtini, watu hawa hupanda ndege kurudi nyumbani, na wengi hurudi shamba lilelile mwaka unaofuata, miaka na miaka.

Wakishaondoka inabaki familia. Baba, mama, labda mtoto mkubwa na bibi anayeoka pai. Hao ndio waliokuwa wakiamka kabla ya alfajiri tangu Aprili, na sidhani ni haki kuzungumzia kufungwa kwa duka kama jambo la hesabu tupu. Mwili nao una kikomo chake.

Wiki ya mwisho

Ukitembelea wiki hiyo utaona mboga zinauzwa kwa kreti badala ya kilo. Familia haitaki kubaki na kabichi ishirini. Inataka mtu mmoja achukue kumi kwa bei ya sita. Zile ambazo hazitauzika hutolewa kwa benki za chakula, na vikundi vya kujitolea huja shambani kuokota masalia yaliyobaki kwenye matuta. Sheria ya shirikisho ya 1996 humkinga anayetoa chakula kwa nia njema asishtakiwe, na hilo lilipunguza hofu ya wakulima wengi.

Nyuma ya duka kazi ni ya aina nyingine. Mipira ya kumwagilia inakunjwa. Mabomba ya chini ya ardhi yanaunganishwa na kompresa, hewa inasukumwa kwa nguvu, na mwishoni mwa kila mstari maji hutoka kwanza kama mkondo, kisha kama mvuke, kisha hewa kavu peke yake. Hapo ndipo valvu inapoachwa wazi hadi machipuko. Matuta yaliyovunwa hupandwa rai, nafaka inayovumilia theluji, ili mizizi yake ishike udongo usichukuliwe na maji ya theluji inayoyeyuka. Kitunguu saumu hupandwa Oktoba, punje moja moja, ncha juu, kikafunikwa kwa nyasi kavu. Kinahitaji baridi hiyo ili Julai kigawanyike kuwa na punje nyingi. Na kila mti mchanga wa tufaha huvalishwa kinga ya plastiki au wavu kwenye shina, kwa sababu panya wadogo wa shambani hupita chini ya theluji, wasionekane, na kuguguna gome. Wakilizunguka shina lote, mti unakufa.

Watu huuliza pia kwa nini wasijenge kitalu nyumba na kuuza mwaka mzima. Wengi wamejenga, na serikali imekuwa ikichangia gharama kupitia mpango wa uhifadhi wa udongo tangu mwaka 2009 hivi. Plastiki huzuia upepo na kuongeza joto, lakini haiwezi kuongeza mwanga. Siku ikiwa fupi kuliko saa 10, mimea mingi karibu inasimama kukua, na katika latitudo hizi hali hiyo hudumu kuanzia mapema Novemba hadi mapema Februari. Spinachi na sukuma zilizo ndani ya kitalu nyumba Desemba zilishakua tangu Oktoba. Zimesimama tu, zinavunwa kidogo kidogo. Zinatosha kwa mgahawa mmoja au soko la wikendi la ndani ya ukumbi. Hazitoshi kulifungua duka siku sita kwa wiki.

Fedha za Januari

Duka likifungwa mapato yanasimama, lakini matumizi hayasimami. Mbegu huagizwa Desemba na Januari, matrekta hutengenezwa, mkopo unadai. Pengo hili ndilo lililozaa mtindo wa kununua hisa ya mavuno, ambao mashamba mawili, moja Massachusetts na jingine New Hampshire, yaliuanzisha mwaka 1986. Mteja hulipa wakati wa baridi au mwanzo wa machipuko, kisha hupewa kikapu kila wiki kuanzia Juni. Msimu ukiwa mzuri kikapu kinajaa. Ukiwa mbaya, mteja naye anabeba sehemu ya hasara. Ni fedha ya mapema isiyo na riba, na kwa familia nyingi ndiyo inayowawezesha kununua mbegu bila kwenda benki.

Vermont na Maine kuna pia shira ya mti wa mepo (maple). Februari na Machi, usiku ukiwa chini ya sifuri na mchana juu yake, utomvu hupanda na kushuka kwenye miti, ukakingwa, kisha ukachemshwa: lita 40 hivi za utomvu kwa lita moja ya shira. Mashamba mengine hufungua duka wikendi chache kwa ajili yake, na kisha hufunga tena hadi Mei.

Kwa mnunuzi, wiki ya mwisho ni nafasi nzuri ya kujaza nyumba. Boga la butternut lisiingie kwenye friji. Liweke chumba kikavu chenye ubaridi kiasi, kisichoshuka chini ya nyuzi 10, juu ya gazeti, na hukaa miezi miwili au mitatu. Matufaha yaingie kwenye friji ndani ya mfuko, mbali na karoti. Sukuma wiki ichovye dakika mbili kwenye maji yanayochemka, ipoze kwenye maji ya barafu, ikamue, igandishe kwa mafungu ya mlo mmoja.

Na kama unataka mchicha, managu au bilinganya nyeupe msimu ujao, mwambie mwenye duka sasa, kabla hajafunga. Mboga hizi huota vizuri huku Julai na Agosti, na wapo wakulima wahamiaji wanaozilima tayari. Mkulima wa kawaida hazipandi kwa sababu hakuna aliyemuuliza. Mwandikie jina la mboga kwenye karatasi, mweleze mnakula majani au tunda, taja familia ngapi mtakuwa mnanunua kila wiki, na ukiweza lipia hisa yako Januari. Akifungua katalogi ya mbegu Desemba atakuwa na sababu ya kuitafuta.